Mafuta ya Bi Mize

Oakdale, nje kidogo ya Saint Paul
Novemba

Zuhura mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Leo nakuuliza macho kabla ya kukuuliza hali, nawe utanisamehe kwa kupindua utaratibu wa salamu tuliofundishwa nyumbani. Hali yako nimeiona katika mwandiko. Mistari ya barua yako inapanda na kushuka, kama iliyoandikwa na mtu aliyefumba jicho moja. Wajukuu hawajambo? Na mguu wa Kombo umepona? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Salma mwanangu hajambo na mumewe hajambo. Watoto wao nikiwasemesha Kiswahili wananielewa vizuri, ila majibu yanatoka kwa Kiingereza, na nimeacha kugombana nao.

Barua yako nilipewa wiki tatu zilizopita. Niliisoma nimesimama mlangoni, sijavua koti, theluji ya kwanza ya mwaka inayeyuka mabegani. Uliniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba kope zako zimevimba na nywele zake zinaanguka, na ukishalala unasikia vitu vinatembea. La pili, kwamba Kombo mwanao anasema vitu hivyo vimerudi mtaani pamoja na Raya, binti wa Bi Mize, tangu alipohamia tena katika nyumba ya marehemu mama yake. Na kwamba msimu huu wa karafuu Kombo hatakubali Raya akae jamvi moja nanyi kuchambua. Mwisho ukaniuliza: kaka, wewe ndiye msomi wetu, nifanye nini?

Ilinipasa kukujibu siku ile ile. Sikuweza, kwa sababu jibu lilikuwa limenikaa usoni kwangu mwenyewe tangu mwaka jana, na nilikuwa naona haya kukwambia. Sasa nitakwambia yote kwa mpango. Soma polepole, ukipumzisha macho.

Yalinianza majira ya baridi yaliyopita. Nyumba za huku hupashwa moto kwa mashine inayokausha hewa hata ngozi ikapasuka, kwa hiyo nilipoona macho yananiwasha nikailaumu mashine. Halafu nywele za kope zikaanza kuangukia kitabuni. Unajua nimefanya kazi ya maktaba katika chuo kimoja hapa Saint Paul zaidi ya miaka ishirini, kazi ya kupanga vitabu na kuviandikia kadi, na hata baada ya kustaafu sina starehe nyingine. Basi nikawa nazipuliza nywele zangu kwenye ukurasa kila nikifunua. Asubuhi kope zimegandana. Kwenye mizizi ya nywele kuna ukoko mweupe, kama unga uliokaukia ukingoni mwa sufuria. Na nikishazima taa tu, kitu kinatembea.

Zuhura, nilijua tangu usiku wa kwanza. Niliujua ugonjwa ule kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Nikajiambia kwa sauti, peke yangu: "Hapana kitu, ni mawazo tu." Nikayasikia maneno hayo yakitoka. Ni maneno yale yale niliyomwambia mama.

Wewe ulikuwa mdogo wakati ule, sijui unakumbuka kiasi gani. Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo ya udaktari mdogo wa zahanati, kijana mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, nimekuja likizo. Mama alikuwa na macho mekundu, kope tupu kama za mtoto mchanga. Aliniita akasema, "Haji, vinatembea. Vinatoka giza likiingia, na jua likichomoza vinarudi." Nikamwambia alale. Nikaenda na taa ya karabai na kioo cha kukuzia, nikamfunua kope moja, nikatazama sana. Sikuona kitu. Nikamwambia, "Hapana kitu, mama, ni mawazo tu." Akauliza, "Umetazama vizuri?" Nikamjibu kama mtu aliyekosewa heshima, nikasema nimesomea.

Hayo tu yangeweza kusameheka. Lakini nilitoka barazani nikamkuta Ami Shaame anangoja habari, na mbele yake nikasema huu si ugonjwa wa macho. Nilidhani nimesema jambo la kitaalamu. Ami akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi kama si ugonjwa, ametumiwa." Na mimi, Zuhura, sikumrudisha. Nilinyamaza. Sikuamini mambo ya kutumiana uchawi, lakini nilipenda kuona mzee kama yule ananisikiliza.

Kilichofuata unakijua. Walitafuta nani aliyetuma, na hawakwenda mbali, kwa kuwa Bi Mize alikaa na mama jamvi moja kila msimu, bega kwa bega, wakichambua karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, wakijifutia jasho kwa kanga moja. Naye ndiye aliyekuwa akimpa mama mafuta ya kupaka kopeni, yale yenye harufu ya makonyo, katika chupa ndogo ya bluu. Ami akasema kitu kimepita katika mafuta. Mimi nilisema mafuta ni machafu. Tulikuwa na sababu mbili tofauti, ila mkono ulioitwaa chupa na kuimwaga nyuma ya jiko ulikuwa wangu.

Nakumbuka ulisimama pale ukasema, "Kaka, usimwage, yanamsaidia." Nikakwambia ukacheze.

Msimu uliofuata hakuna aliyetandika jamvi lake karibu na la Bi Mize. Hakupigwa, hakutukanwa. Alichambua peke yake uani kwake, akiwa ameupa ukuta uso, na baada ya mwaka mmoja akahamia kwa ndugu zake upande wa pili wa kisiwa na huko akafa. Mama alisema mpaka mwisho wake, wewe mwenyewe uliniandikia, kwamba Mize hakumtumia chochote. Watu wakasema masikini, hata hilo amefungwa asilione.

Nimeyabeba haya miaka yote, lakini niliyabeba kama kosa dogo la ujana. Sikujua ukubwa wake. Nitakwambia nilivyoujua.

Kuna chupa ya mafuta ya makonyo uliyonitumia zamani kwa mkono wa msafiri, kwa ajili ya jino. Ilikuwa bado nusu, kabatini. Mwezi uliopita, kabla barua yako haijafika, kope zikiwa zimeniuma siku nzima, niliikumbuka, nikakumbuka na mama alivyokuwa akitulia kila alipopakwa. Nikafungua kizibo. Harufu ilipotoka nilisikia jamvi linakunjwa nyuma yangu. Niligeuka, Zuhura. Mtu wa umri wangu, mchana kweupe, nikageuka kutazama nani amekunja jamvi katika nyumba yenye zulia ukuta hadi ukuta.

Nikachovya pamba, nikapaka kope zote mbili.

Sitakueleza maumivu. Salma alinikuta nimepiga magoti bafuni, nimeshika ukingo wa sinki.

"Baba, umetia nini?"

"Mafuta ya bibi yako."

"Bibi aliyekufa kabla sijazaliwa?"

"Huyo huyo."

"Sasa mimi nikagombane na nani?" Huku analia na ananisukuma kichwa chini ya bomba. Alinimwagia maji mpaka shati lote likalowa, halafu akanifunga taulo kichwani kama mwali na kuniendesha hadi kliniki ya macho huku Saint Paul. Njia nzima alikuwa akinena peke yake kwa Kiswahili safi kabisa, ambacho siku nyingine hukitafuta hakioni.

Kliniki tulipokewa na muuguzi wa Kenya, jina lake Nyambura, mama mnene mwenye mikono laini. Alinusa ile pamba niliyokuja nayo, akarudisha kichwa nyuma.

"Ai, mzee. Hii si ni ile ya meno? Nani alikuambia u-apply kwa macho?"

"Mama yangu alitumia."

"Na mama aliweka hivyo, bila kuchanganya?"

Nilikumbuka harufu, sikukumbuka kipimo. Nilimwaga ile chupa bila kumwuliza aliyeitengeneza alichanganya nini na nini.

Daktari alikuja, mzungu mrefu mpole, akanisafisha, akasema nina bahati, jicho lenyewe halikuungua sana. Akanitia dawa, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Niliporudi, kope zimetulia kidogo, alizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akaomba kung'oa nywele mbili.

"Kaa ngumu kidogo tu, mzee," Nyambura akaniambia, akanishika bega.

Daktari akaziweka nywele juu ya kigae cha kioo, akatia tone la maji, akainama kwenye darubini. Halafu akanipisha kiti chake.

Niliviona. Mwili mrefu, mwembamba, mweupe wa kupitisha mwanga, na miguu mifupi minane imesongamana karibu na kichwa. Viwili vimekumbatia mzizi wa ukope mmoja kama watu waliojibanza nyuma ya nguzo. Nilikuwa bado najiambia kwamba pengine ni uchafu wa kigae, ndipo kimoja kikajikunja, kikajongea.

Nilisema, "Mama." Nilisikia nimesema. Nyambura aliinama akaniuliza naumwa wapi.

Daktari akanieleza bila kujua ananieleza nini. Alisema wadudu hawa hawapendi mwanga. Mchana hujificha ndani ya mzizi wa ukope, na giza likiingia hutoka, hutembea juu ya ngozi, na mwanga ukirudi nao hurudi ndani. Ni wadogo mno, jicho haliwaoni, wala kioo cha mkononi hakitoshi. Nilimwuliza, mtu akiwatafuta kwa taa? Akacheka akasema atakuwa anawafukuza.

Mama alikuwa amenieleza yote hayo, kwa maneno yale yale, bila darubini. Nami nikaenda kuvitafuta na karabai.

Nikamwuliza swali lako, Zuhura, ingawa barua yako ilikuwa bado njiani. Nilisema, daktari, mtu huvipata kwa nani? Nani huvitia? Alinitazama kana kwamba sikumwelewa. Akasema karibu kila mtu mzima anavyo. Kwa wengi hukaa kimya, havileti shida. Kwa wachache, hasa uzeeni, huzidi, na kope huvimba. Salma aliposikia hivyo alikunja uso, akasema yeye hana. Daktari akamwomba ukope mmoja. Kilikuwapo kimoja. Nyambura akacheka mpaka akashika meza, akasema, "Pole dada, sasa wewe ni nyumba ya kupanga." Daktari akamwelekeza kidole aje naye. Akaja, bado anacheka. Vya kwake vilikuwa vitatu.

"Hata mimi? Na vile naoga mara mbili!"

"Nyumba ya ghorofa hiyo," Salma akamwambia.

Walicheka wote watatu. Mimi nilikaa na taulo mkononi nikamfikiria Bi Mize anavyochambua karafuu ameupa ukuta uso. Kama tungeng'olewa kope siku ile, mama, Bi Mize, Ami Shaame na mimi mwenyewe na kalamu zangu mbili, sote wanne tungekutwa navyo. Hapakuwa na aliyetumiwa wala aliyetuma.

Sasa nakuja kwenye tiba, na hapa ushike nisemavyo. Kila asubuhi na kila jioni nachovya kitambaa safi katika maji ya moto ya kiasi, moto ambao mkono unauvumilia, nafumba macho na kukiweka juu ya kope mpaka ukoko ulainike. Kisha natia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea nywele za watoto wachanga, isiyowasha macho, katika maji kidogo, nachovya pamba, na kwa macho yaliyofumbwa nafuta mizizi ya nywele, upande mmoja kisha wa pili, pamba mpya kila jicho. Halafu nasuuza. Foronya nabadilisha mara kwa mara na kuifua kwa maji ya moto. Taulo ni langu peke yangu.

Juu ya hayo nimeongezewa mafuta. Nyambura ndiye aliyeyataja: yanakamuliwa kutoka majani ya mti mmoja wa Australia. Wenyewe huuita mti wa chai, ingawa si chai tunayokunywa. Daktari alisema hajayasoma katika vitabu vyake kwa kazi hii, lakini hakuyakataa, mradi yasiguse jicho na yasipakwe makavu, bila kuchanganywa, hata siku moja. Mfamasia ndiye aliyenichanganyia, mafuta hayo kidogo sana ndani ya mafuta mengi mepesi, na mimi kipimo chake sikigusi. Nikamwonyesha daktari na chupa yetu ya makonyo, nikamsimulia mafuta ya Bi Mize. Akanusa. Akasema mafuta ya karafuu yanaua wadudu wengi, na kwamba aliyempa mama yangu bila shaka alitia tone moja tu ndani ya mafuta mengine, pengine ya nazi, yasimchome, na alijua anachofanya. "Aliyeyapaka makavu ndiye hakujua," akasema. Salma alifurahi sana kusikia hivyo na amenikumbusha kila siku tangu hapo.

Ni wiki ya tano sasa. Uwekundu umepungua. Nywele mpya zimeanza kuota, fupi, zinachoma kidogo. Nasoma ukurasa mzima bila kupuliza.

Wewe fanya ya kitambaa na sabuni ya watoto. Mafuta ya makonyo usiyaguse, nakuomba, hata ukikumbuka kipimo, maana mkono wa Bi Mize hatunao. Ukitaka ulaini, paka nje ya kope mafuta safi ya nazi peke yake, kidogo. Na uende hospitali ya mjini Chake, kitengo cha macho, wakutazame, maana macho mekundu yana sababu nyingi na mimi niko mbali. Kombo akupeleke. Ukimwona anasita mwambie mjomba wake ameagiza.

Jambo la pili uliloniuliza ndilo lililonifanya niandike kwa mkono, bila kumpa Salma anipigie chapa. Nataka watu wauone mwandiko wangu wasiseme ni maneno ya mtu mwingine. Siku mtakayoanza kuchambua, tandika jamvi lile kubwa, umwite Raya akae mkono wako wa kulia, mahali alipokaa mama yake. Mkono wa kushoto akae Kombo. Wakishatulia, isome barua hii kwa sauti, yote, pamoja na pale niliponyamaza mbele ya Ami Shaame na pale nilipomwaga chupa. Usiniruke. Usinipunguzie kwa sababu ni kaka yako. Ami Shaame ametangulia, hawezi kujisemea, kwa hiyo lawama nzima iwe kwangu. Macho yakikuuma, mpe Kombo asome yeye. Hilo pengine litakuwa bora.

Kama Raya atainuka aondoke kabla hujamaliza, ana haki. Nitakuwa nimemchelewesha miaka yote hii kusikia kwamba mama yake hakufanya kitu. Kama atakaa, mwulize kama anakijua kipimo cha mama yake. Kinafaa kuandikwa mahali, na jina lake likae juu.

Nisalimie Kombo mwanao, na mkewe anayekuandikia bahasha zako kwa herufi nzuri. Msalimie shemeji mzee, mwambie bado nina kofia aliyonishonea. Wasalimie wajukuu kwa umri wao, na shangazi wa Wete kama bado anatambua majina. Na Raya, binti wa Bi Mize, umsalimie kabla ya hao wote, ingawa nimemwandika mwisho.

Limebaki moja. Kila jioni nikishafumba macho na kitambaa kikawa juu yake, namsikia mama. Hana hasira. Anaketi karibu, nasikia uzito wake kwenye kitanda, na anauliza vile vile alivyouliza siku ile, kwa upole wa mtu anayetaka tu kujua: "Haji, umetazama vizuri?" Namjibu humu chumbani, lakini kesho yake anauliza tena, na mimi naona jibu halivuki kutoka hapa hadi alipolazwa. Sikumzika, Zuhura. Sijawahi hata kuliona kaburi lake. Nenda wewe. Nenda asubuhi, jua likiwa limeshatoka, umwombee, halafu umwambie kwamba Haji ameviona.

Mimi kaka yako,
Haji